MAELEZO KWA WANANCHI: UMEME UNAVYOZALIWA NA UNAVYOSAFIRI, NA HATARI YA KUUNGA JENERETA KWENYE SOKETI

Wananchi wote wa Unguja na Pemba wenye jenereta majumbani, madukani na katika nyumba za wageni wanaombwa, kwa msisitizo, wasiziunge mashine hizo kwenye soketi ya nyumba pale umeme unapokatika. Ombi la namna hii si geni, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni amri tu isiyo na sababu, kwani mwenye jenereta huona kwa macho yake kwamba taa zinawaka, friji linafanya kazi, wala hakuna aliyedhurika nyumbani mwake. Anayeweza kudhurika hayumo nyumbani humo. Yupo juu ya nguzo, pengine katika shehia ya pili, ameshika waya ambao ameelezwa kuwa hauna umeme. Ili ifahamike vipi mashine ndogo ya petroli iliyowekwa barazani inaweza kumuua mtu aliye mbali kiasi hicho, hapana budi ifahamike kwanza umeme unazaliwaje, na lile sanduku la chuma lililotundikwa nguzoni, yaani transfoma, lina kazi gani.

Tuanze na kitu kilichozoeleka. Waliopata kupanda baiskeli usiku wanaijua dinamo, kile kichupa cha chuma kinachoegemezwa kwenye tairi ili taa ya mbele iwake. Ndani ya kichupa hicho hamna betri wala mafuta. Mna sumaku inayozungushwa na tairi, na mna waya wa shaba uliofunikwa kwa vanishi na kuviringishwa mara nyingi kuizunguka sumaku hiyo bila ya kugusana nayo. Sumaku ikizunguka, umeme unapita katika waya na taa inawaka. Baiskeli ikisimama, sumaku inasimama na taa inazima palepale. Sumaku haijapungua nguvu, na waya ungali pale pale. Kilichokosekana ni mwendo.

Jambo hilo liligunduliwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kuvisoma vitabu vilivyoletwa kujalidiwa. Miaka 11 kabla yake, mwaka 1820, Mdenmaki Hans Christian Ørsted alikwishaonyesha kuwa waya unaopitisha umeme huitikisa sindano ya dira kana kwamba waya wenyewe umekuwa sumaku. Wataalamu wengi wakajiuliza: ikiwa umeme unaweza kuzaa sumaku, je, sumaku nayo haiwezi kuzaa umeme? Waliweka sumaku kando ya waya, wakangoja, wasione kitu.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, akaviringisha waya upande mmoja wa pete na waya mwingine upande wa pili, nyaya hizo mbili zisigusane mahali popote. Waya wa kwanza aliuunga na betri. Wa pili akaupeleka karibu na sindano ya dira. Alipofunga njia ya betri sindano iliruka mara moja, kisha ikarejea mahali pake ikatulia, ingawa umeme wa betri ulikuwa unaendelea kupita. Alipoikata njia ya betri, sindano iliruka tena, safari hii upande wa pili. Baina ya kufunga na kukata hapakuwa na kitu. Wiki chache baadaye aliingiza na kutoa kipande cha sumaku ndani ya mviringo wa waya, akapata umeme kila sumaku ilipokuwa inakwenda, na akaukosa kila iliposimama. Hapo ndipo ilipojulikana kwa nini wenzake waliokuwa wakingoja hawakuambulia kitu: sumaku iliyotulia haiamshi umeme. Nguvu ya sumaku inayopita ndani ya mviringo wa waya lazima iwe inazidi, au inapungua, au inageuka upande. Kadiri inavyobadilika kwa kasi, na kadiri mizunguko ya waya inavyokuwa mingi, ndivyo volti zinavyokuwa kubwa. Msomaji anaombwa aishike vizuri kanuni hii, maana yote yatakayofuata, pamoja na kifo cha fundi juu ya nguzo, yanatokana nayo.

Kwa asiyezoea maneno haya, volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, mfano wa msukumo wa maji yatokayo katika tangi lililoinuliwa. Ampea ni kiasi cha umeme unaopita, mfano wa wingi wa maji katika bomba. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu yenyewe inayowasha taa na kuzungusha feni.

Jenereta kubwa haina siri nyingine zaidi ya ile ya dinamo. Hutofautiana kwa ukubwa, na kwa kile kinachoizungusha. Katika bwawa la Julius Nyerere lililojengwa katika mto Rufiji, maji ndiyo yanayozungusha mashine 9 zenye uwezo wa megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Katika kituo cha Wesha, kilichokuwa tegemeo la Pemba kabla ya kisiwa hicho kuungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, zilizofanya kazi hiyo zilikuwa injini za dizeli. Kwa kuwa ncha mbili za sumaku hupita mbele ya waya kwa zamu, ya kaskazini kisha ya kusini, umeme unaozaliwa nao hugeuka mwelekeo huku na huku. Kwetu hugeuka huku na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Jenereta yenye ncha 2 za sumaku inapaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutimiza kiwango hicho. Yenye ncha 4 yatosha mara 1,500. Zile za mabwawa, ambazo huzunguka polepole, hutengenezwa zikiwa na ncha nyingi zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalizingatii. Mpanda baiskeli anajua kuwa akiiegemeza dinamo kwenye tairi pedali huwa nzito. Sehemu ya uzito huo ni msuguano wa dinamo na mpira, lakini sehemu nyingine ni umeme wenyewe: waya ukianza kupitisha umeme hugeuka kuwa sumaku, na sumaku hiyo huivuta nyuma ile inayozunguka. Kanuni hii ilielezwa na Heinrich Lenz mwaka 1834. Maana yake ni kuwa kila taa inayowashwa Mkoani au Makunduchi huongeza uzito kwenye mhimili wa jenereta fulani, na lazima maji zaidi yafunguliwe au mafuta zaidi yachomwe wakati uleule. Umeme wa nyaya hauwekwi ghalani kama mchele. Saa za magharibi, watu wanapowasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, jenereta huelemewa kama punda anayepanda kilima, na isipoongezewa nguvu mwendo wake hupungua.

Sasa tuje kwenye safari ya umeme. Tuchukue mfano wa kijiji kinachohitaji kilowati 46, na waya wa kukifikia wenye ukinzani wa nusu omu. Umeme ukipelekwa kwa volti 230, zile zinazotumika majumbani, patahitajika ampea 200. Ampea 200 katika waya huo hupoteza wati 20,000 kwa kuupasha moto tu, na volti 100 nzima huachwa njiani, hata kijiji kikabakiwa na volti 130 ambazo haziwezi kuliendesha friji. Lakini nguvu ileile ikipelekwa kwa volti 11,000, ampea hupungua zikawa 4 na ushei, na hasara katika waya uleule huwa kiasi cha wati 9. Wati 20,000 kwa wati 9! Sababu ni kuwa hasara hufuata ampea zilizozidishwa kwa zenyewe: ukizipunguza ampea mara kumi, hasara hupungua mara mia.

Ndiyo maana waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba, Unguja, ambao ulianza kutumika mwaka 2013 na una uwezo wa megawati 100, unapitisha umeme wa volti 132,000. Ukibeba mzigo wake wote hupitisha kama ampea 440 katika kila moja ya njia zake tatu. Lau ungelazimika kubeba mzigo huo kwa volti 400, zingehitajika ampea zaidi ya 140,000, na hakuna meli ambayo ingeweza kuubeba waya wa unene huo na kuutandika baharini. Kisiwa hiki kinapata umeme kutoka ng'ambo kwa sababu volti zinaweza kupandishwa upande mmoja wa mkondo wa bahari na kuteremshwa upande wa pili. Chombo cha kupandisha na kuteremsha ndiyo hiyo transfoma.

Transfoma ni ile pete ya Faraday. Kuna kiini cha chuma, na kuna nyaya mbili zilizoviringishwa juu yake, zisizogusana. Waya wa kwanza hupewa umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Chuma huwa sumaku, hugeuka ncha, hurudi, hugeuka tena, bila ya kutulia. Na waya wa pili, kwa kuwa sumaku iliyo ndani yake inabadilika kila wakati, huamka umeme. Katika pete ya 1831 sindano iliruka wakati wa kufunga na kukata tu, kwani umeme wa betri haubadiliki. Umeme unaogeuka ni kama betri inayofungwa na kukatwa bila kukoma. Betri ya gari ikiungwa kwenye transfoma haitatoa kitu upande wa pili ila kuunguza waya. Hili ndilo lililowashinda wale waliouza umeme usiogeuka, kama Thomas Edison mjini New York mwaka 1882, ambao vituo vyao viliweza kuhudumia mitaa ya jirani tu. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitoa transfoma iliyofaa kwa kazi, na mwaka 1891 umeme ulisafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, Ujerumani, mwendo wa kilomita 175. Tokea hapo mabishano yalipungua.

Volti zitakazotoka hutegemea hesabu ya mizunguko. Transfoma ya mtaani inayopokea volti 11,000 na kutoa volti 230 kwa kila njia huwa na mizunguko kama 48 upande wa juu kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa chini. Volti zikigawanywa kwa 48, ampea huzidishwa kwa 48. Nguvu ni ileile, isipokuwa kidogo kinachopotea kwa joto. Kiini hakitengenezwi kwa pande moja la chuma bali kwa mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za msahafu na kutengwa kwa rangi, kwa sababu sumaku inayobadilika ingeamsha umeme ndani ya chuma chenyewe na kukichemsha. Ule mvumo unaosikika usiku chini ya nguzo ni mabati hayo yakivutika na kuachia mara 100 kwa sekunde. Si jini, wala si dalili ya ubovu.

Ndani ya sanduku mna mafuta. Kazi yake ni mbili: kuzitenga nyaya zisirushiane cheche, na kuchukua joto kulipeleka kwenye kuta za nje. Mafuta yakipungua, transfoma hupata joto, vanishi ya nyaya huungua, mizunguko hugusana, na kijiji kizima hubaki gizani mpaka ipatikane nyingine, ambayo si ya kupatikana kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye kuyachota mafuta haya ili akauze anawaibia jirani zake wote. Wapo wanaoyauza kwa wakaanga chipsi. Inafaa ijulikane kuwa baadhi ya mafuta ya transfoma za zamani yana kemikali za PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 umezihesabu miongoni mwa sumu zinazopaswa kuondolewa duniani. Joto la kukaangia haliziondoi.

Sasa tumefika kwenye jambo lililokusudiwa. Transfoma haijui upi ni upande wa shirika na upi ni upande wa mwananchi. Pete ya Faraday ingefanya kazi vilevile kama betri ingeungwa upande wa pili. Umeme wa volti 11,000 ukiingia juu, hutoka volti 230 chini. Na umeme wa volti 230 ukiingia chini, hutoka volti 11,000 juu. Mtu anayechukua jenereta yake na kuiunga kwenye soketi, njia ya kuingilia ikiwa haijakatwa, anapeleka umeme katika nyaya za nyumba, kisha kwenye mita, kisha kwenye nguzo, kisha kwenye transfoma. Na transfoma inaupandisha mara 48, kama ilivyoumbwa kufanya, na kuutandaza katika laini kubwa.

Husemwa: jenereta yangu ni ya kilowati 2 tu, majirani wataielemea izime yenyewe. Ni kweli kuwa mara nyingi huzima. Lakini majirani wakiwa wamezima vyombo vyao, au waya wa mtaani ukiwa umekatika karibu na nyumba hiyo, hapatakuwa na wa kuielemea. Kilowati 2 kwa volti 11,000 ni ampea 0.18. Ni kidogo mno kwa kuwasha mtaa, na inazidi kiasi cha kumuua mtu, kwani sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita katika moyo yatosha kuuvuruga mapigo yake. Wala haihitajiki dakika. Sekunde chache kabla ya jenereta kuzidiwa zinatosha. Ni kweli pia kwamba fundi wa laini anapaswa kupima kwanza na kuziunga nyaya na ardhi kabla ya kuzishika. Hata hivyo jenereta yaweza kuwashwa baada ya kipimo na kabla ya nyaya kuungwa ardhini, na watoto wanaopita chini ya waya ulioanguka hawana kipimo chochote.

Wengine husema: mimi huzima meinswichi kwanza. Njia hiyo hulinda mpaka siku itakaposahauliwa, au mtoto atakapoipandisha, au umeme utakaporudi na mwenye nyumba akairudisha swichi kwa furaha ilhali jenereta bado inanguruma. Hapo mashine mbili ambazo mizunguko yake hailingani hugongana, na kinachoshindwa ni kile kidogo. Jenereta huungua, pengine pamoja na baraza. Na ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaotengenezwa mitaani kwa ajili ya kazi hii, ni hatari kwa mwenye kuutengeneza pia: plagi moja ikichomoka, vyuma vyake vina umeme kamili, navyo vipo wazi mkononi.

Tulipata mafunzo makubwa ya jenereta wakati Unguja ilipokosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, Mei hadi Juni 2008, na tena kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine ndogo ziliingia katika kila mtaa, na nyingi kati ya namna za kuziunga zilizobuniwa kwa haraka siku zile ziliendelea kutumika baada ya umeme kurudi. Siku hizi wamezidi pia wenye paneli za jua. Paneli haina sumaku wala haizunguki. Mwanga wenyewe ndio unaotoa umeme, nao ni wa namna ya betri, usiogeuka. Lakini inveta huubadili ukawa wa volti 230 unaogeuka mara 50, na tokea hapo transfoma haitofautishi baina yake na jenereta. Inveta isiyotengenezwa kujizima yenyewe umeme wa shirika unapokatika ina hatari ileile.

Njia iliyo salama ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenji-ova. Hii ina mkono mmoja, na mkono huo hauwezi kugusa pande mbili kwa wakati mmoja: nyumba ama imeungwa na shirika, ama imeungwa na jenereta, ama haikuungwa na chochote. Ifungwe baina ya mita na kisanduku cha fyuzi, ikate laini na nyutro pamoja, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Asiyeweza kumudu gharama yake kwa sasa asiiguse soketi ya ukutani. Avute waya wa kurefushia kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji au taa. Mashine yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake huua waliolala bila ya kuwaamsha.

Atakayeona waya ulioanguka, hata kama mtaa mzima hauna umeme, asiusogelee wala asiuondoe kwa kijiti. Awazuie watoto, ampelekee habari sheha, na sheha aliarifu shirika.